"Tutawasha moto": dhana potofu za wanaokwenda kulala nyika ya juu kwa mara ya kwanza

Mwezi uliopita alinipigia simu kijana mmoja wa Nairobi. Yeye na wenzake watano wanataka kulala siku mbili kwenye nyika ya juu ya Mlima Kenya, bila banda wala wapagazi, waishi kwa ufundi wa porini waliojifunza kwenye video. Nilifurahi, maana napenda vijana wanaotaka kulala nje. Nikamuuliza, mna mifuko ya kulalia ya aina gani? Akajibu, "Hiyo usijali mzee, tutawasha moto."

Nimeongoza watu mlimani kutokea Naro Moru kwa miaka kumi na saba. Jibu hilo nimelisikia kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kimeru na kwa Kiingereza. Limetoka kwa wanafunzi wa chuo, wafanyakazi wa benki, na baba mmoja aliyefika langoni na watoto wake wawili na kiberiti cha mafuta ambacho alijivunia sana. Nimechoka kulijibia langoni, wakati mtu tayari ana begi mgongoni na hasikii tena. Nalijibu hapa.

Ninaposema nyika ya juu nina maana ya ukanda ule unaoanza pale msitu na mianzi vinapokoma, kama mita 3,000 na kwenda juu, penye nyasi za mashungi, vichaka vya erika vyenye ndevu za kijivu, lobelia na senesio zilizosimama kama watu. Ndiko iliko kambi ya Old Moses kwenye njia ya Sirimon, mita 3,300. Ndiko liliko lile tope la mteremkoni juu ya kambi ya Met Station kwenye njia ya Naro Moru, na Ziwa Ellis upande wa Chogoria. Milima ya Nyandarua (Aberdare) nako kuna nyika ya namna hiyo hiyo, na mengi nitakayosema yanaihusu pia.

"Tutawasha moto"

Ndani ya Hifadhi ya Mlima Kenya huruhusiwi kuwasha moto wa kuni nyikani, wala kukata au kuokota kuni. Nikisema hivyo watu huniangalia kama mtu anayewanyima haki yao. Basi tuiweke sheria kando kidogo tuutazame moto wenyewe, kwa sababu hata sheria isingekuwepo, moto huo usingewafaa.

Kuni ziko wapi? Msitu mmeuacha chini. Mnachokiona mbele yenu ni erika na senesio. Vijiti vya erika vikiwa vikavu huwaka kwa fujo, mwali mkubwa, dakika chache, kisha majivu. Shina lake nene linaloweza kukaa na moto limeloa ukungu wa kila siku alasiri, na litawapa moshi wa kuwatoa machozi mpaka mlale. Senesio ndiyo mbaya zaidi. Kwa nje inafanana na mti, lakini ndani ya shina kuna kiini laini kilichojaa maji.

Hapo ndipo mtu huyaona yale majani makavu yanayoning'inia kwenye shina la senesio na kudhani Mungu amemwekea cha kuwashia. Naomba mnielewe hapa. Majani yale hayakusahaulika pale. Huo mmea hauangushi majani yake yaliyokufa. Unayavaa. Usiku joto linaposhuka chini ya sifuri, koti hilo la majani makavu ndilo linalozuia maji yaliyo ndani ya shina yasigande. Asubuhi jua likipiga, majani mabichi ya juu yanahitaji maji mara moja, na maji yanapanda kwa sababu hayakuganda. Ukinyofoa majani hayo ujazo wa mikono miwili ili uchemshe chai, umeuvua mmea nguo usiku wa barafu. Na baadhi ya senesio mnazozikuta bondeni juu huko zina umri unaopita miaka mia moja. Mmea umekuwepo hapo kabla ya babu yako kuzaliwa, umepita kwenye baridi ya kila usiku, halafu unakuja wewe na video yako.

Tuseme kuni mmezipata. Moto wa nje hupasha upande unaoutazama. Magoti yanaungua, mgongo unaganda, na upepo wa nyikani unachukua sehemu kubwa ya joto kabla halijawafikia. Halafu mnaingia kulala. Moto uko nje, nyinyi mko ndani ya hema, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuweka hema la nailoni karibu na moto kiasi cha kulipasha. Baridi kali kabisa haiji saa tatu usiku mkiwa mnaimba. Inakuja saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka, na saa hiyo moto ulishazimika zamani kwa kuwa yule aliyeahidi kuuchochea amelala au anatetemeka asiweze kutoka. Wengine wameniambia walikaa macho usiku kucha wakilisha moto. Hao hawakulala, na kesho yake walitembea saa sita juu ya mita 3,500 bila usingizi. Sioni ufundi wa porini uko wapi hapo.

Sasa hatari yenyewe. Udongo wa nyikani si mchanga wala mfinyanzi wa shambani kwenu. Ni mboji: mizizi na nyasi zilizooza nusu kwa miaka mingi sana, na wakati wa kiangazi mboji hiyo inawaka. Moto unazama chini, unatambaa kwenye mizizi bila mwali, na unaweza kuchomoza mita kadhaa kutoka pale ulipouacha, siku ya pili, mkiwa mmeshafika nyumbani. Kundi moja nililopewa kulipokea upande wa Chogoria lilikuwa limewasha kimoto "kidogo tu, cha chai" chini ya kichaka cha erika kabla sijafika. Walikuwa wamekimwagia maji, wamekikanyaga, wameridhika. Nilipoweka kiganja chini hatua nne kutoka hapo, ardhi ilikuwa na joto. Tulibeba maji ya kijito kwa sufuria mbili na chupa zote tulizokuwa nazo, tukachimba kwa mikono na kisahani, zaidi ya saa moja na nusu, mpaka tope likawa baridi. Hakuna aliyeongea wakati wa kurudi.

Machi 2012 nyika ya mlima huu iliungua kwa siku kadhaa. Mapema 2019 ikaungua tena. Oktoba 2020 ikawa zamu ya Kilimanjaro: moto ulianzia eneo la mapumziko la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, na taarifa za awali za hifadhi zilitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Zaidi ya kilomita za mraba 90 ziliungua. Kupasha chakula tu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Oktoba 2022 Kilimanjaro ikawaka tena, safari hii upande wa kambi ya Karanga.

Na erika si vichaka vya bure. Zile ndevu za kijivu na vijani vyake vidogo hukamata ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone, hata siku ambayo mvua hainyeshi. Kule Kilimanjaro imepimwa na kuonekana kwamba moto uliokula misitu ya erika umeupunguzia mlima maji mengi yaliyokuwa yakinaswa kutoka mawinguni. Mlima Kenya ndio unaolisha Tana na Ewaso Ng'iro. Mtu wa Garissa anayechota maji ya Tana hajui kwamba jambo lake liko mikononi mwa kijana mwenye kiberiti mita 3,400.

Kuna hoja nyingine wanayoniletea, nami naiheshimu kwa sababu ya wanaotajwa ndani yake: "Lakini wazee wa Mau Mau walikaa kule miaka." Walikaa, ndiyo. Makambi yao mengi yalikuwa msituni na kwenye mianzi, si kwenye nyika iliyo wazi; nyikani walipita tu. Walijishonea makoti ya ngozi za wanyama. Kiongozi wao Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956 alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Na moto waliuogopa kuliko nyinyi, kwa kuwa moshi uliwaonyesha ndege za Waingereza mahali pa kuangusha mabomu. Anayetaka kuwafuata wazee hao aanze na koti.

Nikishawakatalia moto wa kuni, karibu kila kundi lina mtu wa kusema, "Basi tubebe jiko la makaa, tuliwashe nje, yakishakolea tuliingize kwenye hema." Hapa huwa sina subira kabisa, nami sitaomba radhi. Makaa yaliyokolea yakawa mekundu bila moshi hayajawa salama. Moshi ulikuwa unakuonya. Sasa kimebaki kile kisichoonya. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, inashika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, na hema lililofungwa zipu kwa ajili ya baridi linaijaza upesi. Tena mko juu, ambako oksijeni mnayoipata kwa kila pumzi ni kama theluthi mbili ya ile ya Mombasa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito. Dalili za ugonjwa wa mwinuko ni kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu. Mtu atajiambia ni mwinuko tu, ajifunike, alale, asiamke. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia iliyokutwa hivyo kwenye nyumba yenye kuta na dari, seuze hema. Jiko la makaa haliingii kwenye hema. Jiko la gesi nalo halipikiwi ndani. Mkipika, pikeni nje, nyuma ya jiwe lililokinga upepo.

Joto basi litoke wapi? Mnalo nyinyi wenyewe. Mwili wa mtu aliyekula ni jiko linalowaka usiku kucha bila kuchochewa. Kazi yenu ni kulizuia joto hilo lisitoroke, na hapo ndipo ufundi ulipo.

Njia kuu ya kutoroka ni chini, si juu. Watu huniletea blanketi tatu za kujifunika na hawana cha kutandika. Uzito wa mwili unakandamiza blanketi au mfuko wa kulalia upande wa chini mpaka hauna hewa ndani yake, na ardhi iliyoloa inakunyonya usiku kucha. Nunueni sponji. Si lazima iwe ya duka la vifaa vya michezo. Hata sponji ngumu ya fundi wa viti, unene wa inchi moja, ikatwe kwa urefu wako, ikunjwe ndani ya karatasi ya nailoni, inatosha. Mtu mwenye sponji nzuri na blanketi mbili analala kuliko mwenye mfuko wa bei kali aliyelala juu ya nyasi. Hili nitalisema mpaka nizikwe.

Mfuko wa kulalia una lebo yenye namba kadhaa. Wauzaji wa mitumba pale soko la Gikomba, Nairobi, watakusomea ile ya chini kabisa, kwa sababu ndiyo inayovutia. Hiyo ni namba ya mtu kutokufa, si ya kulala. Soma namba ya starehe (comfort), na kwa nyika ya juu tafuta iliyo kati ya sifuri na nyuzi tano chini ya sifuri. Usipoipata, ingiza mifuko miwili ya kawaida, mmoja ndani ya mwingine. Kabla ya kulala kula kitu cha moto chenye mafuta, kwa mfano ugali wa siagi au uji wa karanga. Chemsha maji, jaza chupa isiyovuja, ivalishe soksi, iweke mapajani. Nenda haja ndogo hata kama unaona uvivu, uje ulale bila kuamshwa. Vaa soksi ambazo hazijaguswa na tope siku nzima. Mimi hubeba jozi moja inayokaa ndani ya mfuko wa nailoni na haitoki humo ila usiku.

Anayetaka kujifunza kuwasha moto kwa kijiti na kamba ajifunze. Ni ujuzi mzuri. Ajifunzie shambani kwao, kwenye udongo uliolimwa, ndoo ya maji ikiwa pembeni.

"Hapa ni ikweta, baridi gani hiyo?"

Ikweta inapita kwenye miteremko ya mlima huu na barafu iko kileleni, kwa hiyo swali limeshajibiwa na mlima. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi sita. Nairobi iko karibu na mita 1,800. Ukifika 3,500 umeshapoteza nyuzi kumi kabla usiku haujaingia. Mchana mtavua makoti na jua litawachoma pua. Usiku maji kwenye sufuria yataganda.

Kosa linalofuatana na hili ni kuchagua Januari au Februari kwa kudhani kiangazi kina usiku wa joto. Hiyo ni miezi mizuri, mimi mwenyewe naipendekeza, mvua ni chache na njia zimekauka. Lakini usiku usio na mawingu ndio wenye baridi kali zaidi, kwa sababu joto la ardhi linapanda moja kwa moja angani bila kuzuiwa na kitu. Mkiona nyota zimejaa saa mbili usiku, vaeni kila mlicho nacho.

"Suruali za jinsi na hudi zinatosha"

Hazitoshi. Pamba ikiloa inakaa na maji na kunyonya joto la mwili, na nyikani utaloa, kama si kwa mvua basi kwa ukungu, kwa umande wa nyasi zinazofika kiunoni, au kwa jasho lako. Sufu ikiloa bado inapasha. Sweta la flisi la mitumba linakauka upesi. Suruali ya michezo ya nailoni ni bora mara kumi kuliko jinsi. Mpango mzima wa nguo haufiki bei ya buti moja jipya.

Na nikigusia buti: nyikani vaeni gambuti. Najua picha zake hazipendezi. Nimeona wageni wenye buti za bei ya kutisha wakizama mpaka magotini kwenye lile tope la juu ya Met Station, maji yakaingia kwa juu na kukaa humo siku tatu. Wapagazi wetu wanapita pale na gambuti na soksi mbili, wanafika kambini miguu mikavu. Buti mfunge kwenye begi, mzivae mkifika kwenye mawe. Gambuti ziwe kubwa kwa saizi moja, na mzitembelee nyumbani wiki nzima kabla, la sivyo zitawachubua.

"Maji ya mlimani ni safi, yanatoka kwenye barafu"

Yanapita kwanza kwenye kinyesi cha nyati, cha pimbi, na cha wageni waliojisaidia hatua tatu kutoka kijitoni. Chemsheni. Kwa urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 88, bado yanaua vijidudu, ila yaacheni yachemke dakika tatu kamili. Na mkijisaidia, sogeeni mbali na maji, hatua mia moja.

Kwa kuwa tuko kwenye nyuzi 88: msibebe maharagwe makavu wala githeri mbichi. Havitaiva. Mtamaliza mtungi wa gesi na mtatafuna mawe. Bebeni vilivyokwisha kuchemshwa nyumbani, au mchele, tambi, unga, ndengu zilizopasuliwa. Mtungi wenyewe usiwe wa butani tupu, kwa sababu butani hukataa kutoka baridi inapokaribia sifuri na asubuhi mtabonyeza jiko bure. Tafuteni mchanganyiko wenye propani, na usiku mlale nao ndani ya mfuko wa kulalia.

"Ugonjwa wa mwinuko ni wa wanaokwenda kileleni"

Unaweza kuanza kwenye mita 2,500. Old Moses iko 3,300, na watu hutoka Nairobi alfajiri, wanateremka Nanyuki mchana, wanashika gari mpaka lango la Sirimon, na jioni wako kambini wakishangaa kwa nini kichwa kinapasuka. Ujana haukingi. Mazoezi ya jimu hayakingi. Nimewaona wakimbiaji wakitapika na bibi wa miaka sitini akinywa chai yake kwa utulivu, kwa sababu bibi alikubali kwenda polepole. Laleni Nanyuki au Naro Moru usiku wa kwanza. Usiku wa pili laleni langoni. Sirimon pana mahali pa hema kwenye mita 2,650. Ndipo mpande. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika, kunywa maji, usipande zaidi. Kikizidi, au mtu akianza kuyumba kama mlevi, au akikohoa na kukosa pumzi akiwa ameketi, mteremsheni saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Msimpe dawa ya maumivu ili aendelee kupanda. Kuna wanaobeba kichupa cha pombe kali "cha kutia joto". Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unahisi joto huku joto lenyewe linatoka nje. Iacheni nyumbani.

"Wanyama wako chini msituni"

Tembo na nyati hupanda mpaka nyikani, na chui na fisi pia. Sijawahi kumpoteza mtu, na sababu ni kwamba hatutembei gizani, hatukai kwenye njia zao zilizokanyagwa, na chakula hakilali wazi. Nyandarua hairuhusiwi kutembea nyikani bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, nanyi msimwone kama gharama ya ziada. Anaujua upepo na anajua nyati amelala kichaka gani. Mlima Kenya huwezi kuingia peke yako. Malipo ya kiingilio ni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo lipieni mkiwa bado mna mtandao. Msifike langoni na noti mkononi.

"Tupige hema kando ya mto, pamejikinga"

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku inateremka kwenye mabonde kama maji na kutuama chini kabisa, pale pale kando ya kijito mlipopapenda mchana. Pandeni mita kumi au kumi na tano juu ya maji, mtafute mgongo wa ardhi wenye kichaka au jiwe upande wa upepo, na muwe na subira ya kwenda kuchota. Tofauti ya nyuzi chache kati ya chini na pale ndiyo tofauti ya kulala na kukesha.

Baada ya haya yote watu huniuliza: sasa tuanze vipi, kama hatuna uzoefu? Lala nje mara moja mahali palipo na nyumba karibu. Wengi mna shangazi au mjomba Limuru, Nyahururu au Kinangop. Nendeni kwao Julai, pigeni hema uani, mlale bila moto, na vitu vile vile mnavyokusudia kubeba mlimani, bila kuongeza blanketi hata moja kutoka ndani. Mkiamka saa tisa mnatetemeka, ingieni ndani mnywe chai, na muandike ni sehemu gani ya mwili ilianza kupata baridi. Kwa kawaida ni nyonga na bega, vile vilivyogusa chini.

Kijana yule wa simu nilimtuma kwa mjomba wake Njabini. Walikwenda wote sita. Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akanipigia, sauti bado inakwama kwa baridi. Wanne walikuwa wamehamia jikoni kwa mjomba. Aliniuliza sponji ya inchi moja inauzwa wapi Nyeri, nikamtajia fundi wa viti ninayemtumia, na tukaahirisha safari mpaka Januari ili wapate muda wa kutafuta mifuko.